Pleko wa ndevu Mombasa: maswali nayoulizwa kila siku

Nafuga pleko wa ndevu hapa nyumbani Tudor mwaka wa 9 sasa na wamezaa mpaka hesabu imenipotea. Kila nikimpa mtu vifaranga, wiki haiishi ashanipigia, na maswali ni yale yale, so nimekaa nikayaandika yote hapa na majibu yake. Wengi mnapoteza hawa samaki bure tu, na aghalabu si kwa ajili ya ugonjwa, ni maji ya hapa kwetu hamjayajua, ndo maana swali la maji nimelijibu kwa urefu kuliko mengine.

Huyu pleko wa ndevu ni samaki gani hasa?

Ni kambare mdogo wa Amerika Kusini. Dukani anaandikwa bristlenose, wengine humwita saka kwa vile kutwa yuko kwenye kioo ananyonya. Jina lake la kisayansi ni Ancistrus, na aina zilizopewa majina zimepita 70, kuanzia Panama mpaka Ajentina. Mwilini hana magamba ka ya samaki wengine, ana mabamba magumu mgongoni na ubavuni, tumbo ndo laini. Mdomo uko chini ka kikombe cha kubandika. Akitunzwa vizuri huishi miaka 5 mpaka 10, na wapo wanaopita hapo.

Nilinunua "pleko" mdogo, saa hizi amefika urefu wa mkono wangu. Ni huyu huyu?

Hapana, huyo uliuziwa pleko wa kawaida, yule hufika sentimita 30 mpaka 50. Wa ndevu huishia 12 hivi, akizidi sana 15. Wakiwa wadogo wanachanganya watu kweli, manake wote rangi ya kahawia na madoa. Tizama pezi la mgongoni: aina kubwa inayouzwa sana ina pezi refu pana ka tanga la dau, mwiba wa mbele na miale (ile mifupa myembamba inayolishika pezi) 10 au zaidi nyuma yake, na wa ndevu ana pezi dogo lenye miale 7 au 8. Mwambie muuzaji akusogezee karibu na kioo uhesabu, usione haya, pesa ni zako.

Tangi liwe kubwa kiasi gani?

Kwa dume na jike, lita 80 kwenda juu, mimi nasema 100 kabisa manake hawa wananya sana. Urefu na upana ndo muhimu kuliko kimo, wao ni samaki wa chini. Ukitengenezewa na fundi wa vioo muulize silikoni anayotumia ni ipi, ile ya bafuni yenye dawa ya kuzuia ukungu inaua samaki na huwezi kuijua kwa kuitizama.

Maji ya Mombasa yanafaa?

Yanafaa lakini inategemea ni maji yapi, na hapa naomba usome polepole.

Maji ya bomba yetu hutoka mbali, chemchemi za Mzima kule Tsavo, visima vya Baricho kando ya mto Sabaki, mengine Marere na Tiwi. Hayo ni maji baridi ya kunywa, yani yasiyo na chumvi, pleko anayaweza vizuri. Yeye raha yake ni pH (kipimo cha asidi ya maji, 7 ndo katikati) 6.5 mpaka 7.5, lakini hata 8 anavumilia na anazaa, wangu wamezaa kwenye 7.8 miaka yote. Mushkili wa maji ya bomba ni klorini. Teka ndooni au pipani, weka jiwe la hewa (lile la kuunga kwenye pampu litoe mapovu), acha siku moja mpaka mbili, au tumia ile dawa ya kuondoa klorini, matone machache tu.

Maji ya kisima ndo balaa. Kisiwa chote hiki kimekaa juu ya mawe ya matumbawe na bahari imetuzunguka, visima vingi vina chumvi, na chumvi huongezeka kiangazi maji yakipungua chini. Kisima cha jirani kinaweza kuwa kitamu na chako ukashindwa hata kusukutua. Pleko ni samaki wa mtoni, chumvi haijui.

Nawaambia hivi kwa sababu yalinikuta. Bomba letu lilikauka karibu wiki 2, nami siku ya kubadilisha maji imefika na nina vifaranga tele, nikanunua mitungi 6 ya mkokoteni. Muuzaji akaniapia ni ya bomba. Sikuonja. Nikamwaga yote jioni, asubuhi nikakuta majike mawili yamelala ubavu chini ya filta na yale madoa yao yamefifia ka yamesuguliwa, na vifaranga wote wamejikusanya juu penye mapovu. Ndo nikatia kidole nikaonja, chumvi. Jike mmoja nilimuokoa. Tangu siku hiyo mtungi wowote unaoingia kwangu nauonja kwanza, hata ukiletwa na nani, na sibadilishi zaidi ya robo kwa mara moja ikiwa sijui maji yametoka wapi.

Kitu chengine, maji yetu mengi ni magumu, yani yana madini mengi, na pH yake iko juu, na pia yana joto. Hapo amonia inakuwa kali mno. Amonia hutoka kwenye mkojo na mavi ya samaki na chakula kilichobaki, na kiasi kile kile ambacho kwenye pH 7 kingekuwa si neno, kwenye pH 8 ile sehemu yenye sumu ni karibu mara 10. So wewe wa Mombasa huwezi kufuga kizembe ka mtu mwenye maji laini. Badilisha robo mpaka thuluthi kila wiki, bila kuruka.

Na tafadhali usitie mawe ya matumbawe wala makombe ya ufuoni kwa urembo. Yanazidisha ugumu wa maji, na isitoshe matumbawe hayaruhusiwi kuokotwa.

Tangi jipya, naweza kutia samaki siku hiyo hiyo?

La. Filta inahitaji bakteria wa kuigeuza amonia kuwa nitriti, kisha nitriti kuwa nitrati ambayo haina ukali sana, na hao huchukua wiki 4 mpaka 6 kukaa sawa. Ukiwa na rafiki mwenye tangi zee zima muombe kipande cha sponji yake, kikamue kwenye filta yako, utafupisha safari sana. Na sponji haioshwi kwa maji ya bomba moja kwa moja, klorini itaua hao bakteria wote, ioshe kwenye ndoo ya maji ya tangi lenyewe.

Ninunue hita?

Pwani hii? Hapana, pesa hiyo nunua pampu ya hewa. Pleko anataka nyuzi 22 mpaka 27, na sisi shida yetu ni kupoza. Msimu wa kaskazi, kuanzia Disemba mpaka Machi, tangi langu lililoko ukutani hufika 30 mchana, na maji yakipata joto hewa inapungua ndani yake, kwenye 25 lita moja hubeba miligramu 8 za oksijeni na ushei, kwenye 30 ni 7 na nusu hivi. Na wakati huo huo samaki mwenyewe anahitaji hewa zaidi.

Fanya hivi: lisikae dirishani penye jua, washa feni ndogo ipulize juu ya maji (hushusha nyuzi 2 au 3 kwa kule kuvukiza), na ongeza jiwe la hewa. Maji yakipungua kwa kuvukiza jazia maji yasiyo na chumvi kabisa, manake yanayoruka ni maji tu, madini yanabaki yanazidi kukolea. Chupa ya barafu inasaidia lakini moja moja, usimshtue.

Pleko wangu yuwapanda juu mbio, avuta hewa na kushuka. Ana nini?

Mara moja moja si kitu, huyu samaki ana uwezo wa kumeza hewa na kuitumia kupitia tumbo lake, ndo alivyoumbwa kuishi kwenye mito inayokauka kauka. Lakini akifanya kila dakika chache, ujue majini hakuna hewa au amonia imepanda. Badilisha maji robo hapo hapo, kisha ndo utafute sababu.

Na stima ikipotea?

Pampu ndogo ya betri au ya yuesibii na pawabenki, uwe nayo kabla hujanunua samaki. Ukiwa huna, chukua kikombe, chota maji ya tangi na uyamwage kutoka juu kila baada ya dakika kadhaa, nimeshafanya hivyo mpaka saa 9 usiku. Usilishe stima ikiwa haipo. Kama filta yako ni ile ya kopo la kufungwa na imelala masaa mengi, ioshe kabla ya kuiwasha tena, ndani maji yameoza na yatarudi yote kwa samaki.

Si nasikia anakula mavi ya samaki wengine na anasafisha tangi?

Huu ndo uwongo uliowaua wengi. Hakuna samaki anayekula mavi akashiba. Pleko anakula ule utando wa kijani kwenye vioo na mawe, kweli, na anaufanya vizuri, lakini tangi la nyumbani utando wake unaisha siku chache na baada ya hapo ni njaa. Mimi nimeletewa pleko tumbo limeingia ndani ka kijiko, mwenyewe ananiambia "simlishi manake ni msafishaji". Na mavi yake yeye ni nyuzi nyuzi ndefu zisizokwisha, kwa hivyo ukimleta umeongeza kazi ya kusafisha.

Mlishe usiku ukizima taa, ndo saa zake. Tango lililokatwa vipande, mchicha uliochovywa maji moto dakika moja, sukuma wiki vivyo hivyo, mumunye, boga, njegere zilizomenywa. Lifunge tango kwenye uma ama jiwe lizame, na asubuhi toa lililobaki, kwenye joto letu mboga inaoza haraka na maji yanakuwa ka uji. Vile vidonge vya kuzama vya mboga vinafaa siku za katikati. Mara moja kwa wiki mpe kitu cha nyama kidogo, kamba aliyesagwa au viluwiluwi vya mbu, isizidi, tumbo lake refu ni la majani. Kisamvu usimpe, majani ya muhogo mabichi yana sumu. Na mboga za sokoni zioshe sana, dawa za wadudu zinabaki juu ya majani.

Lazima kuwe na mti ndani?

Si lazima afe akikosa, lakini weka. Wanaukwangua, wanajificha chini yake, wanatulia. Tumia mpera uliokauka kabisa, uchemshe, uloweke wiki kadhaa mpaka uzame. Mti wenye utomvu au ulio mbichi usitie. Mkoko usikate, unalindwa na una kazi yake kule kwenye maji ya bahari.

Tuna neema moja ambayo wafugaji wa nchi za baridi huagiza kwa posta wakalipa: majani ya mkungu, ule mti wa kungu. Okota yale yaliyoanguka yenyewe yakawa mekundu au kahawia, mbali na barabara, yaoshe, yakaushe, tia jani moja kwa kila lita 40 hivi. Maji yatakuwa rangi ya chai nyepesi, yanalainika kidogo, na vifaranga wanayapenda mno, hukwangua mpaka libaki mishipa tu ka kimia.

Dume na jike nawajuaje?

Dume akishafika sentimita 6 hivi, karibu nusu mwaka, ndevu humtoka puani na zinapanda mpaka kwenye paji la uso, nene na zenye matawi. Jike hana, au ana vijinywele vifupi pembeni mwa mdomo tu. Ukimtizama kutoka juu jike mwenye mayai ni mpana tumboni. Wakiwa chini ya hapo usimwamini anayekuambia "hii ni peya", hajui. Nunua watoto 5 au 6 uwalee pamoja, wakikua utapata unachotaka.

Madume mawili kwenye tangi dogo watapigana, kila mmoja awe na pango lake na waachane mbali.

Nifanyeje wazae?

Hapa ndo penye utamu wenyewe.

Unahitaji dume na jike waliokomaa, mwaka mmoja hivi, walioshiba. Na pango. Pango ndo ufunguo wa kila kitu, manake dume hachagui jike, jike ndo anachagua dume kwa pango lake. Liwe refu sentimita 12 mpaka 15, mdomo upana wa 4 au 5, nyuma pamezibwa, yani dume akiingia mabega yaguse kidogo. Bomba la plastiki la inchi 2 lililozibwa upande mmoja linafaa. Lakini mimi natumia kifuu. Nazi ikishakunwa kwenye mbuzi nachukua kifuu, nakikwangua ndani mpaka nyama yote ya nazi iishe (ikibaki maji yatachafuka mafuta), makumbi yote nje natoa, nakichemsha mara 3, natoboa mlango wa duara pembeni, nakifunika juu ya kipande cha kigae. Nimejaribu vya dukani vya udongo na vifuu kwenye tangi moja, dume langu zee hurudi kwenye kifuu tu.

Utajua mambo yameiva dume akianza kulala ndani ya pango kutwa, anasafisha kwa mdomo, kisha jike anaanza kuzurura mlangoni. Ukitaka kuwasukuma, walishe vizuri wiki 2, afu badilisha nusu ya maji kwa maji yaliyopoa nyuzi 2 au 3 kuliko ya tangi. Wao wanaona ni mvua imefika mtoni. Kwangu wengi huzaa mwanzo wa masika na kipindi cha kusi, joto likianza kuvunjika, kaskazi yenyewe hunyamaza.

Jike huingia, wanafungiana humo masaa, pengine usiku mzima, akitoka tumbo limeshuka na dume anamfukuza. Kazi yake imeisha. Mayai ni ya rangi ya machungwa, makubwa ka punje za mtama, yameshikana ka kichane, kutoka 20 mpaka 200 kulingana na ukubwa wa jike. Kuanzia hapo baba ndo mlezi. Hatoki kula. Mara ya kwanza nilipiga tochi ya simu kwa pembeni saa 7 usiku, nikaona amelala juu ya mayai, mapezi yake mawili ya mbele yanapepea, kushoto kulia, hayasimami, na kila baada ya muda anageuka anayagusa yai moja moja kwa zile ndevu. Nikakaa hapo chini sakafuni mpaka adhana ya alfajiri. Kwa joto letu hutotoa siku ya 4 au 5, kwenye baridi hufika hata 10.

Dume ametupa mayai nje ya pango, yameharibika?

Pengine ni dume mgeni, mara ya kwanza na ya pili hukosea sana, mwache ajifunze. Au ulimsumbua, watu wanainua kifuu kila siku kutizama, usifanye hivyo. Au pango ni pana, mkondo wa maji unayabeba. Mayai yakiwa bado ya machungwa yatie kwenye kikapu kidogo cha kuning'iniza ndani ya tangi, jiwe la hewa karibu yatikisike kidogo kidogo, yakigeuka meupe na manyoya ya ukungu yatoe hayo mara moja kabla hayajaambukiza mengine.

Wametotoa! Niwape nini?

Kwanza usiwape kitu. Wakitoka wana kifuko cha kiini tumboni, ka wamebeba puto la chungwa, wamebandika ukutani ndani ya pango na baba yupo. Wataishi kwa hicho siku 5 mpaka 7 nyengine. Kikiisha ndo wanaanza kutoka nje mmoja mmoja, sentimita moja hivi, wameshakuwa na umbo la pleko kamili.

Sasa hapo wanakula kutwa kucha. Vifaranga wengi hufa wiki ya 2 na ya 3 na sababu ni njaa au maji machafu, hizo mbili tu, na ni rahisi ukikimbia moja ukaangukia nyengine. Mchicha uliochovywa uwepo kila saa, ubadilishwe asubuhi na jioni. Tango. Jani la mkungu liwepo chini. Maji toa thuluthi kila baada ya siku 2 au 3, na unayorudisha yawe joto lile lile. Filta iwe ya sponji, zile za kuvuta kwa nguvu huwanyonya wote, ama funga soksi safi ya nailoni kwenye mdomo wake. Miezi 2 au 3 wanafika sentimita 2 na nusu mpaka 3. Usiuze wala usigawe kabla hapo, hawatafika salama.

Nataka wa njano au wale weupe, wanatokeaje?

Mweupe mwenye macho mekundu ni albino. Sifa hiyo hujificha: ukimzalisha albino na wa kahawia wa kawaida, watoto wote watakuwa kahawia lakini wamebeba, na ukizalisha hao wao kwa wao karibu mmoja kwa kila 4 atakuwa mweupe. Wa njano mwenye macho meusi huuzwa kwa namba L144, hizo namba za L zilianzishwa na gazeti la Kijerumani la DATZ mwaka 1988 kwa vile pleko wapya waliletwa wengi kuliko majina. Kwa rangi yoyote, badilishana damu na mfugaji mwengine, usizalishe kaka na dada kizazi baada ya kizazi, utaanza kuona mapezi mafupi na vichwa vilivyopinda, na si haki kwao.

Anakaa na samaki gani?

Gapi, plati, moli, tetra, zebra danio, wote sawa tu, ila kama moli unamtilia chumvi basi mtenganishe. Goldifishi usimchanganye, yeye ni wa maji ya baridi na pleko mwenye njaa hubandika ubavuni mwake akamnyonya ute. Oska na samaki wakubwa wa mdomo mpana pia hapana, akimmeza mdogo ile miiba ya mashavuni itamkwama kooni, na utapoteza wote wawili.

Nilimshika kwa neti akanasa, nimvute?

Usivute! Mashavuni ana miiba midogo ka kulabu, akiogopa huifungua yote. Shusha neti majini, muache, mara nyingi hujitoa mwenyewe. Asipotoka kata nyuzi za neti kwa mkasi, neti utanunua nyengine. Siku zote mshike kwa kikombe au mkebe wa plastiki.

Ana madoa meupe ka chumvi mwilini, nimtie dawa gani?

Soma kibandiko, dawa yenye shaba usimtie kabisa, pleko haivumilii. Pandisha joto lifike 30 polepole, hewa iwe nyingi mno, badilisha maji kila siku mbili, endelea wiki 2 hata madoa yakiondoka mapema. Kwa hapa kwetu ugonjwa huu huja zaidi msimu wa kusi usiku ukipoa ghafla, au na samaki mgeni aliyeingizwa bila kutengwa. Mgeni wiki 3 akae tangi lake.

Wamekuwa wengi mno, naweza kuwaachilia mtoni au bwawani?

Usithubutu, nakuomba. Jamaa zao wale wakubwa waliachiliwa hivyo hivyo na wafugaji wakasambaa Meksiko, Ufilipino, Florida, hata Afrika Kusini kwenye mito ya KwaZulu-Natal, wanachimba kingo za mito na wavuvi wanapata wao nyavuni badala ya samaki wa kuliwa. Mito yetu ina samaki wake.

Tenganisha dume na jike, au ondoa mapango, watasimama kuzaa. Waliopo gawa, uza, badilishana na duka kwa chakula. Ukiwasafirisha usilishe siku moja kabla ili wasichafue maji, tia mkubwa mmoja kwa mfuko, mifuko iwe miwili, mmoja ndani ya mwengine, manake miiba hutoboa, maji thuluthi na hewa iliyobaki, kisha funga na uzungushie gazeti pawe giza. Kivuko cha Likoni na foleni yake wanavuka bila shida ukiwaweka kivulini miguuni pako, nimewapeleka mpaka Ukunda na wakafika wamebandika kwenye mfuko, wanakwangua plastiki.